Taarifa ya mwenyekiti ya mwaka: sokwe, nyuki na hili neno utamaduni

Ndugu wanachama, habari zenu. Mambo ya ada na daftari katibu na mweka hazina watawaeleza, mi naenda moja kwa moja kwenye swali lililotushika mwaka mzima, kwamba tabia za wanyama na utamaduni wetu vina mzizi mmoja au la.

Mwanzoni wengi mlishikilia kuwa mnyama ni silika tu, kazaliwa nayo basi. Ndo tukaletewa habari za Koshima kule Japani, 1953, nyani jike mdogo anaitwa Imo akaanza kuosha viazi vitamu majini kutoa mchanga, wenzake wa rika lake wakafata, mama yake pia, baadae mama wengine wakawarithisha watoto wao tabia hiyo, ila madume wazee wengi hawakushika kabisa. Silika haichagui rika hivyo jamani. Halafu sokwe wa Gombe na Mahale, ziwa moja la Tanganyika, aina moja ya sokwe, lakini wa Mahale wakisafishana manyoya wanashikana mkono mmoja juu ya kichwa, Gombe desturi hiyo haipo.

Kilichonigusa zaidi ni jaribio la boksi la 2005. Sokwe na watoto wadogo wa binadamu walioneshwa namna ya kutoa zawadi ndani ya boksi, na hatua zingine hazina kazi yoyote. Boksi likiwa la kuona ndani, sokwe anaziruka zile za bure, mtoto anaiga zote. Nilidhani mtoto ndo kashindwa, kumbe hapana, anaekubali kuiga hata asichokielewa ndie anaepokea maarifa ya vizazi vilivyopita, yale ambayo peke yake asingeyabuni hata aishi miaka mia. Kwa hiyo msimamo wangu: kujifunza kwa mwenzako ni kulekule, sisi tumezidi kwenye kuiga kwa uaminifu na kulimbikiza.

Ila 2024 wakaja nyuki bambi, wale wanene wenye manyoya, wakajifunza kwa wenzao waliofunzwa na watafiti kufungua kiboksi cha hatua mbili, ambacho nyuki aliyeachwa mwenyewe siku nyingi hakukiweza, na hapo mpaka niliouweka kati yetu na wanyama umetikisika kweli, sitaki kuwaficha.

Kikao kijacho tuanze na nyangumi wa nundu, nyimbo zao zinavyohama Pasifiki ya kusini kutoka magharibi kwenda mashariki, kundi moja linazipitisha kwa jingine. Atakaejitolea kuandaa amwambie katibu mapema.