Chupa za kuchubua uso ziandikwe asidi iliyomo

Mhariri,

Nina saluni hapa Busia, upande wa Uganda, na wateja hawachoki kuniuliza: hizi dawa za kuchubua uso za kujipakia nyumbani zinafanya kazi kweli? Zile nyepesi, ndiyo, ila kwa kiasi. Asidi ya glaikoliki au ya laktiki isiyozidi asilimia 10 hulegeza ngozi iliyokufa juu juu, uso ukalainika na kung'aa. Ya salisiliki huwafaa wenye chunusi kwa sababu hupenya mafuta yanayoziba vinyweleo. Makovu yenye mashimo haziyagusi.

Kinachonikera ni vile vichupa vya mafuta ya manjano visivyoandikwa kitu. Mwezi uliopita alikuja mama mmoja amejifunika kitambaa hadi chini ya macho. Alijipaka usiku akalala nayo, maana muuzaji alimwambia ikiwasha ujue inafanya kazi. Mashavu yalikuwa yamebanduka, chini pekundu panatoa majimaji, na pembeni mwa mdomo pameshafanya ukoko. Nilimwosha kwa maji baridi tu, nikampeleka zahanati. Vidonda vimepona, lakini ana mabaka meusi kuliko madoa aliyotaka kuyaondoa. Ngozi yetu ukiiunguza huzidisha rangi palepale ilipoumia, na jua la hapa karibu na Ikweta linakoleza. Anayetumia asidi anatakiwa ajipake kinga ya jua kila siku, hata wiki nzima baada ya kuacha. Sijasikia muuzaji hata mmoja akimwambia mteja hilo.

Julai 2024, FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, iliwaonya wananchi wasijinunulie dawa kali za kuchubua bila usimamizi wa mtaalamu. Na huko chupa zina maandishi!

Naiomba UNBS, mamlaka ya viwango vya bidhaa ya Uganda, ipite masokoni, isiishie mpakani. Chupa itaje asidi gani, asilimia ngapi, na ikae usoni dakika ngapi kabla ya kuoshwa. Isiyotaja hayo iondolewe mezani. Nanyi dada zangu, hata yenye maandishi ijaribuni kwanza kidogo ndani ya mkono, msubiri siku nzima.

Mama yule ameniruhusu niandike haya. Kichupa chake nimekiweka saluni. Afisa atakayetaka kukipima aje akichukue.

Mwenye saluni,
Busia, Uganda