Spitfire haiibwi kama pikipiki

Kwako Juma,

Salamu nyingi. Barua yako imenifikia, na swali lako limenichekesha: eti mtu akiingia usiku kwenye makumbusho kule Uingereza, nini kitamzuia asiondoke na Spitfire, ile ndege ya kivita ya Waingereza ya Vita vya Pili vya Dunia, maadamu haina ufunguo?

Ufunguo kweli haina. Ina swichi mbili za magneto, vifaa vinavyotoa cheche za injini, ukizipandisha basi. Lakini ndege ya maonyesho mara nyingi haina petroli wala betri, na ikikaa muda mrefu plagi hung'olewa na kuwekwa vizibo vya kufyonza unyevu kwenye silinda zote 12.

Tuseme ameikuta iliyoruka juzi. Injini ya Merlin, lita 27, kwa kawaida huwashwa kwa kigari cha betri kinachochomekwa nje, kwa hiyo anahitaji mwenzake chini wa kukichomoa ikishawaka. Hapo ndipo alipokwama Franz von Werra, rubani Mjerumani aliyetoroka kambi ya wafungwa wa vita Desemba 1940. Alijifanya Mholanzi, akafika mpaka ndani ya Hurricane, ndege nyingine ya kivita ya Waingereza, pale uwanja wa ndege wa Hucknall. Fundi akiwa amekwenda kuleta kigari, ofisa akatokea na bastola.

Haya, imewaka. Mkono usikimbilie kuongeza moto: mafuta ya injini yafike kwanza nyuzi 15 na maji ya kupozea 60. Ila ukizubaa nayo yanachemka, maana kwenye toleo la Mk V rediata iko chini ya bawa la kulia, na mguu wa gurudumu ukiwa chini unaikinga upepo. Mwizi hana pa kupumua: akiwahi anaiumiza injini, akichelewa inachemka. Na wakati huo anasota uwanjani kwa kupindapinda kushoto na kulia, kwa sababu pua imemziba mbele, na gurudumu la mkia halina usukani. Anakata kona kwa breki za upepo.

Kuruka sasa. Yenye Merlin huvutia kushoto, unakanyaga pedali ya kulia. Yenye Griffon, injini ya Spitfire za baadaye, propela huzunguka kinyume, nayo huvutia kulia. Aliyezoea moja akaiba nyingine atakanyaga upande ule ule inakovutia, na hapo ni majanini. Akipaa salama, wenzo wa magurudumu uko kulia na wa moto uko kushoto, hivyo lazima abadili mikono kwenye usukani, na ndege inayumba pua juu, pua chini.

Kuipakia kwenye lori? Kila bawa limeshikwa na bolti kadhaa, na bila jeki na watu kadhaa litakuangukia. Halafu utamuuzia nani? Zinazoruka duniani ni chache, na kila moja wapenzi wake wanaijua kwa namba.

Kinachoibwa kweli ni saa ya dashibodi. Skrubu chache tu, inaingia mfukoni. Ukiona ndege ya vita kuukuu yenye tundu la duara kwenye dashibodi, usiulize.

Wasalimie nyumbani, shemeji hasa.

Wako,
Hamisi