Adenosini kinasi: kuizima si njia pekee ya kupata dawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu makala ya afya iliyoeleza matumaini ya kupata dawa mpya ya kifafa kwa kukizuia kimeng'enya kiitwacho adenosini kinasi. Ninafundisha kemia ya viumbe, na nilifurahi sana kuona jambo hili likiandikwa kwa Kiswahili. Hata hivyo makala iliishia pale ugumu unapoanzia, na msomaji anayeuguza mgonjwa nyumbani angeweza kudhani kwamba dawa hiyo imekaribia kufika dukani.

Kazi ya kimeng'enya hiki ni kuchukua fosfeti moja kutoka kwenye ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa msaada wa magnesiamu, na kuipachika kwenye adenosini, molekuli ndogo ya asili mwilini, ambayo hapo hugeuka kuwa AMP, yaani adenosini yenye fosfeti moja. Kwa kuwa hukamata adenosini hata ikiwa kidogo sana, ndicho hasa kinachoamua ni kiasi gani cha adenosini kibaki huru. Katika ubongo, adenosini huru hufanya kazi ya breki: hushika vipokezi vilivyo juu ya seli za neva na kuzipunguzia kasi ya kupelekeana ishara. Vipokezi hivyo ndivyo vinavyozibwa na kafeini, na ndiyo sababu kahawa hufukuza usingizi. Ubongo unapopata kovu, seli zinazohudumia neva, yaani astrositi, hukizalisha kimeng'enya hiki kupita kiasi, adenosini ikapungua, breki ikalegea na mishtuko ya kifafa ikapata nafasi. Hoja hiyo, ambayo mtafiti Detlev Boison na wenzake wameifanyia kazi kwa miaka mingi, ninaikubali.

Ninachosita ni kukizima kimeng'enya mwili mzima. Adenosini kinasi imejaa kwenye ini, na huko ina kazi nyingine ambayo makala haikuigusa. Kila mara seli inapohamisha kikundi kidogo cha atomi kiitwacho methili, kwa mfano kukiweka juu ya DNA, hubaki takataka ambayo huvunjwa kuwa homosisteini na adenosini. Mmenyuko huo hurudi nyuma kwa urahisi, kwa hiyo adenosini isipoondolewa haraka takataka ile hurundikana na kuzuia uhamishaji wote wa methili. Panya waliozaliwa bila jeni ya kimeng'enya hiki walikufa wangali wachanga, ini likiwa limejaa mafuta. Mwaka 2011 watafiti walieleza habari za watoto waliorithi hitilafu katika jeni hiyohiyo: methionini, moja ya asidi amino, ilikuwa juu katika damu, ini lilikuwa na kasoro, na ukuaji wa akili ulichelewa sana. Aidha, baadhi ya vizuizi vilivyotengenezwa viwandani vilituliza maumivu na mishtuko ya wanyama wa maabara, lakini vingine vikavujisha damu kidogo kidogo ndani ya ubongo. Mtu mwenye kifafa humeza dawa kila siku kwa miaka mingi, na sioni jinsi ya kumtwisha hatari ya namna hiyo, isipokuwa ipatikane njia ya kuifikisha dawa kwenye sehemu ya ubongo iliyoathirika peke yake.

Upande ambao mimi ningeomba uandikwe zaidi ni ule wa vimelea, na huko mantiki hugeuka. Tripanosoma wa malale, anayeenezwa na mbung'o, hawezi kujitengenezea purini, yaani malighafi ya kujengea adenosini na DNA. Lazima azichukue kutoka katika damu ya anayemuishia. Mtu angetarajia kwamba kuizima adenosini kinasi yake kungemuua kwa njaa. Majaribio yalionyesha kwamba hafi, kwa kuwa anazo njia nyingine za kufikia purini. Hali ni hiyohiyo kwa toksoplasma, kimelea kingine cha seli moja, na vimelea vya malaria havina kabisa kimeng'enya hiki. Kizuizi, basi, hakitusaidii hapo. Lakini kimeng'enya kinachofanya kazi kwa bidii kinaweza kulishwa sumu. Kordisepini, iliyogunduliwa kwanza katika fangasi Cordyceps militaris, inafanana na adenosini ila imepungukiwa oksijeni moja. Adenosini kinasi ya tripanosoma huipokea, huipachika fosfeti, na hivyo kimelea hujitengenezea chenyewe kitu cha kukiua. Katika panya, kordisepini ikitolewa pamoja na dawa inayozuia isivunjwe mapema mwilini, iliwaangamiza tripanosoma hata wale waliokwisha kuingia ubongoni.

Seli zetu nazo zina adenosini kinasi, kwa hiyo kazi kubwa ni kutafuta molekuli ambayo kimeng'enya cha kimelea kitaipokea na chetu kitaikataa. Kwa bakteria wa kifua kikuu tofauti hiyo ni kubwa zaidi. Adenosini kinasi yao kwa umbo inakaribia vimeng'enya vya sukari kuliko inavyokaribia ya binadamu, na inaiamsha 2-methiladenosini kuwa sumu dhidi yao. Ipo pia hatari ya usugu, kwani tripanosoma akiipoteza kinasi yake huendelea kuishi na sumu haimpati tena. Dawa ya aina hii, kwa maoni yangu, isitolewe kamwe peke yake.

Ninaomba mwandishi wenu wa afya aendelee na mada hii, na safari ijayo aeleze kama dawa inayozungumziwa inakizima kimeng'enya au inakitumia, na kama imejaribiwa kwa panya au kwa watu. Wagonjwa wa kifafa wanaosoma gazeti hili waambiwe pia, katika makala hiyohiyo, kwamba hakuna kizuizi cha adenosini kinasi kinachotolewa leo kama tiba yao, na kwamba wasiache vidonge walivyoandikiwa.

Msomaji wenu,
Mwanza