Ile picha ya mbu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya juzi kuhusu uhandisi jeni ilipambwa na picha ya mbu. Nadhani aliyetafuta picha alikutana na neno "vekta", akili ikamwendea malaria, kwa kuwa mbu naye huitwa vekta wa ugonjwa huo; kwenye uhandisi jeni vekta ni kibebeo cha kuingizia jeni ndani ya seli. Nimekuwa fundi wa maabara miaka kumi na tisa, kwa hiyo nilicheka. Kicheko kiliniisha nilipofika pale mnaposema jeni ya insulini "hudungwa ndani ya bakteria".

Haidungwi. Jeni ikiingia peke yake haikai: vimeng'enya vya seli huikatakata, na hata ikisalimika haina mahali pa kuanzia kunakiliwa, basi seli zikigawanyika inapotea. Ndiyo maana hupachikwa kwanza kwenye plasmidi, kijipete cha DNA kinachojinakili chenyewe. Kimeng'enya cha EcoRI hukata DNA penye mfuatano wa herufi zake GAATTC na kuacha ncha zinazonasana; jeni iliyokatwa vivyo hivyo huingia pengoni, ligasi, kimeng'enya cha kuunga DNA, ikaunga. Stanley Cohen na Herbert Boyer walilifanya hilo mwaka 1973 kwa plasmidi iitwayo pSC101.

Kuingia ndani ya seli ni kazi ya barafu na joto. Bakteria waliolowekwa kwenye kloridi ya kalsiamu huwekwa barafuni pamoja na plasmidi, halafu nyuzi 42 kwa sekunde kama 45, halafu barafuni tena. Wengi wao hawabebi kitu. Kwa hiyo plasmidi hupewa pia jeni ya kuhimili ampisilini, dawa ya kuua bakteria, nayo dawa ikatiwa kwenye sahani ya kuoteshea, na asiyebeba anakufa. Siku moja nilisahau kuitia. Asubuhi sahani nzima ilikuwa utando mmoja mweupe, aliyebeba na asiyebeba wamechanganyika, na kazi ya wiki nzima ikaenda na maji.

Kwa seli za binadamu hutumika zaidi virusi vilivyoondolewa jeni zao, navyo vina kipimo cha mzigo. Kile kiitwacho AAV hubeba herufi zipatazo 4,700 tu. Jeni ya distrofini, ambayo hitilafu yake hudhoofisha misuli, hata ukibakiza maelekezo ya protini peke yake inapita 11,000. Watafiti wamelazimika kuipunguza ndipo ipakilike. Habari kama hiyo ndiyo niliyoitarajia kwenye makala yenu.

Mkirudia mada hii, chora duara la plasmidi badala ya mbu. Hata la kalamu ya mkono litatosha.

Fundi wa maabara