Taarifa ya Mwaka 2025 ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu

Ndugu wanachama,

Kwa niaba ya kamati tendaji nawasilisha taarifa ya mwaka ya chama chetu cha wakandarasi wa kazi za udongo hapa Ohio. Vikao vinne vimefanyika, semina ya usalama wa mitaro imefanyika, bima ya pamoja imelipwa, misiba miwili tumeshiriki. Hayo mnayajua.

Niingie kwenye lililonuniwa mwaka mzima: kwa nini barabara ya kuingilia uwanja wetu wa mitambo, iliyokuwa ianze Aprili, imejengwa Oktoba, na kwa nini dola 4,800 za mfuko zimekwenda kwa mpimaji wa ardhi oevu, yaani kinamasi, ambayo barabara hiyo inaipita.

Imesemwa, tena kwa sauti, kwamba tangu Mahakama ya Juu ya Marekani iamue kesi ya Sackett Mei 2023, kuhusu maji yanayolindwa na sheria ya shirikisho, serikali ya shirikisho haina habari tena na vinamasi. Si kweli. Kilichotolewa kwenye ulinzi huo ni oevu iliyojitenga. Oevu iliyoungana juu ya ardhi na kijito chenye maji ya kudumu bado iko mikononi mwa Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi, na yetu imeshikana na kijito. Hata ingejitenga, Ohio ina sheria yake ya oevu za namna hiyo tangu 2001.

Likaja la pili: eneo ni dogo, tumwage kifusi yaishe. Hapo ndipo wengi huumia. Kibali cha kitaifa namba 14 cha Kikosi hicho, cha barabara, kinadai upeleke taarifa kwao kabla ya kazi ukiharibu zaidi ya ekari 0.1, AU ukimwaga kifusi ndani ya oevu, hata kidogo vipi. Na taarifa isiyo na ramani ya mipaka ya oevu haijakamilika. Zile siku 45 za Kikosi kujibu hazianzi kuhesabiwa. Mpimaji huangalia mimea, udongo na dalili za maji, kwa hiyo tulisubiri Mei mimea ichipue. Kibali kikatoka Agosti. Kukata miti nako kukangoja 1 Oktoba, kwa ajili ya popo walio hatarini kutoweka.

Mchoro wa kwanza ulikuwa na tuta lenye upana wa futi 36 chini, kwenye urefu wa futi 150 za oevu: ekari 0.12. Nilisisitiza lipunguzwe hadi futi 24, ikawa 0.08. Kumbukumbu za kikao zipo. Tungevuka 0.1 tungedaiwa fidia ya oevu, yaani kugharimia oevu nyingine badala ya iliyoharibiwa, na bei yake wenye kazi hizi mnaijua. Cheti cha kukamilisha kazi kimesainiwa na kupelekwa ndani ya siku 30.

Kikao kilichopitisha haya kilihudhuriwa na watu 11 kati ya 46. Waliowaka zaidi kwenye WhatsApp sikuwaona ukumbini. Waliolipa ada ni 19. Wengine 27 wanadaiwa dola 120 kila mmoja, jumla 3,240. Mfuko unaolalamikiwa umejazwa na nani?

Vibali vya kitaifa vya 2021 viliwekewa kikomo cha 14 Machi 2026. Aliyeanza kazi, au aliyefunga mkataba wa kuianza kabla ya hapo, ana miezi 12 tangu tarehe hiyo ya kuimaliza. Kagua mikataba yako. Pendekezo la Novemba 2025 la kupunguza maji yanayolindwa na shirikisho lilikuwa bado pendekezo tu mwaka 2025 ukiisha, asichimbe mtu kwa kulitegemea.

Mwaka unaofuata tunatarajia, Mungu akijalia, kumwaga kokoto uwanjani na kuandaa semina ya vibali. Mweka hazina yuko mlangoni na daftari.

Mwenyekiti