Wanafunzi wa mwaka wa kwanza wapewe utafiti wa kweli

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie maabara za vyuo vikuu vyetu, ambamo mwanafunzi wa shahada ya kwanza huingia kurudia majaribio ambayo majibu yake yalijulikana kabla wahadhiri wake hawajazaliwa.

Nami nilisoma hivyo. Watu kumi na wawili tuliizunguka hadubini moja, mmoja akatazama, sisi wengine tukanakili mchoro wake. Na aliyepata jibu tofauti na la kitabu alilirekebisha kabla ya kukusanya ripoti, kwa kuwa alama zilifuata kitabu.

Tangu mwaka 2008, taasisi ya Howard Hughes ya Marekani, ikishirikiana na Profesa Graham Hatfull wa Chuo Kikuu cha Pittsburgh, imekuwa ikiendesha mpango ambao mwanafunzi wa mwaka wa kwanza huchota udongo popote, hata nyuma ya bweni, na kuutafutia virusi wanaoshambulia bakteria. Maji ya udongo ule huchanganywa na bakteria wasio na madhara, ndugu wa wale wa kifua kikuu, na baada ya siku moja au mbili mahali palipo na virusi huonekana doa angavu, bakteria walipokufa, kwenye sahani ya kuoteshea. Aliyekigundua kirusi hukipa jina, na hapo hana wa kunakili kwake.

Anayedhani hayo ni ya matajiri tu akumbuke Durban, Afrika Kusini, ambako mwaka 2010 mwanafunzi alipata kirusi kwenye biringanya lililooza, kikaitwa Muddy. Mwaka 2019 ilichapishwa taarifa kwamba kirusi hicho, pamoja na vingine viwili, kilitumika London kumtibu binti wa miaka 15 aliyepandikizwa mapafu, ambaye maambukizi yake ya bakteria yalikuwa yameshinda dawa, naye akapata nafuu.

Sahani, agari (rojo la kuoteshea bakteria) na jiko la mvuke la kuulia vijidudu tunavyo. Kinachopungua, kwa maoni yangu, ni wataalamu wa maabara, ambao vyuo huwaajiri mwishoni kabisa, na muda katika ratiba. Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania inapopitia mitaala ya sayansi, idai walau muhula mmoja wa utafiti wa namna hii kabla ya mwaka wa tatu, na iulize pia ni nani atakayekuwa maabara na wanafunzi jioni, sahani zinapohitaji kutazamwa.

Mwalimu wa Biolojia,
Morogoro