Barua ya wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Malori ya zabibu kulazwa getini wakati wa mavuno

Mheshimiwa Waziri,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Nakuandikia hadharani kwa sababu barua zangu za awali zilipokelewa, zikagongwa mhuri na hazikujibiwa, na kwa sababu wiki iliyopita lori lililobeba zabibu zangu za kutengenezea mvinyo kutoka Mpunguzi, Dodoma, lilizuiwa usiku kucha kwenye geti la ushuru, likaachiwa jua likiwa la utosi.

Dereva alikuwa na stakabadhi halali ya ushuru, iliyokatwa na halmashauri ya huko zilikovunwa. Mtumishi wa getini aliimulika kwa tochi ya simu, akaigeuza mbele na nyuma, akasema namba yake haionekani kwenye mfumo na kwamba mwenye mamlaka ya kuamua angefika asubuhi. Huenda mifumo haisomani, huenda mtandao ulikatika, huenda pia lilisubiriwa jambo jingine ambalo sitaliandika kwa kuwa sina ushahidi.

Naomba ujue kilichokuwa ndani ya lori lile. Zabibu nyeupe za aina ya Chenin Blanc huvunwa asubuhi na mapema, husafirishwa usiku ili zisipigwe na jua, na hutakiwa kukamuliwa mara tu zinapofika hapa Dar es Salaam, ambako joto halina huruma na tunda lililoiva. Zikicheleweshwa, zilizo chini ya kreti hupasuka kwa uzito wa zilizo juu, juisi hukutana na hewa ikawa ya kahawia, chachu ya porini huanza kuichachusha kabla ya wakati, kisha bakteria hukigeuza kileo kuwa siki. Lori lilipoingia kiwandani kwangu Mbezi, juisi ilikuwa ikichuruzika kutoka kwenye bodi hadi kwenye matairi, nyuki wamelizingira, na kina mama waliofika tangu alfajiri kuchambua walikuwa wakishika vishada vinavyopondekea mikononi. Tulimwaga zaidi ya nusu ya shehena. Mkulima nimemlipa fedha yake yote, kwa sababu yeye alitimiza wajibu wake. Hasara imebaki kwangu, pamoja na matangi matupu niliyokuwa nimeyapoza kwa umeme wa gharama kubwa.

Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, Februari hadi Machi na Agosti hadi Septemba. Ni neema ambayo nchi nyingi zenye majina makubwa katika mvinyo hazina, lakini shehena ya Agosti ikiharibika siwezi kuifidia hadi Februari, na mavuno ya Februari huja na mvua na magonjwa ya ukungu.

Sheria si mbaya, na hilo ndilo linaloniumiza. Mwaka 2017 ushuru wa mazao ya biashara ulishushwa kutoka asilimia 5 hadi 3, na mvinyo wenye zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini umewekewa kiwango nafuu cha ushuru wa bidhaa. Nafuu zote hizo zinaishia kwenye kizuizi cha mbao barabarani.

Ulipokutana na sisi wasindikaji hapa jijini, ulisema, nasi tukaandika, kwamba lori la mazao yanayoharibika haraka likiwa na stakabadhi halitalazwa njiani. Tulipiga makofi. Nakukumbusha kwa heshima zote kwamba dereva wangu alipoitaja kauli hiyo usiku ule, aliulizwa karatasi yake iko wapi.

Karatasi hiyo ndiyo ninayoiomba, Mheshimiwa. Madai ya fidia nayaweka kando kwa sasa, ingawa nastahili kulipwa. Naomba waraka wenye sahihi yako, hata wa ukurasa mmoja, unaoagiza kwamba msimu wa mavuno lori la zabibu lenye stakabadhi liandikwe namba, stakabadhi ipigwe picha, lori lipite, na uhakiki ufuate baadaye. Kiwanda changu hakihamiki. Nikibainika nadaiwa, nitalipa.

Mavuno bado yanaendelea. Wiki ijayo zinavunwa zabibu nyekundu za aina ya Makutupora, na lori nimeshalikodi. Nakusihi waraka huo ufike getini kabla lori halijafika.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mtengeneza mvinyo,
Mbezi, Dar es Salaam